Bepari Ni Nani? Kusoma "Mabepari wa Venisi" Msimu wa Kahawa

Julai iliyopita nilikwenda nyumbani Mbinga nikiwa na kitabu kimoja tu begani: Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare. Ni nakala kuukuu niliyoipata kwa wauza vitabu vya mitumba Dar es Salaam, jalada limeshikwa na gundi. Nilikuwa nimekaa barazani nasoma, na mama mdogo yuko mbele yangu kwenye kichanja anachambua kahawa, mbovu anaitupa, nzuri anaiacha ianikwe. Akauliza nasoma nini. Nikamtajia jina la kitabu.

"Bepari ndo nani hasa?"

Nikajibu kama nilivyofundishwa tangu shule ya msingi: ni mtu mwenye mtaji anayeishi kwa jasho la wengine.

Akacheka bila kuinua macho. "Basi huyo mimi simjui. Ninayemjua ni yule aliyenipa hela mwezi wa pili, wakati mtoto anadaiwa ada na hakuna mwingine wa kunipa. Na ninaowajua ni wale waliopokea kahawa yangu mwaka juzi nikalipwa Krismasi inakaribia. Sasa hapo bepari yupi?"

Sikuwa na jibu siku ile. Makala haya ni jaribio la kumjibu, na nimechagua kupitia vitabu kwa sababu naamini ni vitabu vyetu, pamoja na hotuba, vilivyotufundisha nani wa kumwogopa.

Tuanze na neno lenyewe. Bepari halikuzaliwa kuwa tusi. Lilikuja na wafanyabiashara wa Kihindi waliovuka bahari, na huko lilikotoka maana yake ni mfanyabiashara tu, mtu anayenunua hapa na kuuza pale. Waliosoma kamusi za zamani za Kiswahili wanajua kwamba bepari alikuwa mchuuzi, pengine mchuuzi mgumu wa kupunguza bei, lakini mchuuzi. Baadaye siasa ikalichukua neno, ikalipa kazi nyingine. Shakespeare aliandika mfanyabiashara mmoja wa Venice, yaani Antonio. Mwalimu akaweka wingi, na akaweka neno ambalo kufikia 1969, tafsiri ilipotoka Oxford University Press, lilikuwa limeshabeba Azimio la Arusha mgongoni. Ghafla Antonio anayetuma merikebu baharini, Shylock anayekopesha kwa riba, na mji mzima unaoishi kwa biashara, wote wamekuwa kundi moja la watuhumiwa.

Simlaumu Mwalimu kwa ufundi wake. Tafsiri ile bado inasomeka vizuri kuliko tafsiri nyingi zilizokuja baada yake. Ila jina la kitabu ni uhakiki kabla ya kitabu kuanza. Msomaji anaingia mlangoni ameshaambiwa nani mbaya.

Na bepari hayuko peke yake. Hebu hesabu msamiati tuliorithi: mnyonyaji, kupe, mrija, kabaila, mlanguzi, na tangu msako wa 1983, mhujumu uchumi. Kusini kwetu tumeongeza yetu. Kwenye korosho kuna kangomba. Bukoba wana butura. Huku Mbinga tuna magoma, yaani kununua kahawa ikiwa bado juu ya mti, kwa bei ya chini, kutoka kwa mkulima mwenye shida. Kiswahili kina maneno tele ya kumtukana mtu anayekuja mlangoni na fedha mkononi. Nitajie neno moja, moja tu, lenye uchungu huohuo kwa ofisi iliyopokea gunia lako Agosti ikakulipa Desemba. Halipo. Tunasema "malipo yamechelewa", kana kwamba malipo yana miguu na yalikwama njiani Kigonsera.

Fasihi ya miaka ya 1970 iliusaidia sana msamiati huo kuota mizizi. Chukua Ndoto ya Ndaria ya Ngomoi, iliyotoka 1976. Ndaria ndiye mtu mwenye nacho anayesimama kuzuia ujamaa, na riwaya inajua tangu mwanzo kwamba lazima ashindwe. Tulisoma vitabu vya aina hiyo tukijibu maswali ya mtihani kuhusu dhamira na ujumbe. Sikumbuki kuulizwa swali ambalo lingemfaa mama mdogo: kijiji kilikuwa kinanunua wapi chumvi kabla ya Ndaria, na kilinunua wapi baada yake?

Aliyethubutu kuuliza maswali ya aina hiyo ni Euphrase Kezilahabi, na kwangu hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kazi zake kuendelea kusomwa wakati nyingine zimebaki kuwa orodha. Katika Dunia Uwanja wa Fujo, ya 1975, Tumaini anarithi mali, anaitapanya, kisha anajirudi na kuwa mkulima mkubwa. Ujamaa unafika shambani kwake. Anaua kiongozi, na riwaya inamfikisha kwenye hukumu ya kifo. Wasomaji wengi wameona humo kivuli cha Ismani, Iringa, ambako siku ya Krismasi 1971 mkulima Said Mwamwindi alimuua Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, na baadaye akanyongwa. Ukubwa wa Kezilahabi ni kwamba hamfanyi Tumaini malaika. Tumaini ana ubinafsi, ana madhambi yake, na mauaji yanabaki kuwa mauaji. Lakini mwandishi anakataa kutuambia kwamba shamba halikuwa lake. Anatuacha na kitu kizito: mtu ambaye maisha yake yalikuwa fujo alipata mpangilio pale tu alipokuwa na kitu cha kukilima mwenyewe, na mpangilio huo ndio ulioondolewa.

Katika Gamba la Nyoka, ya 1979, anasogea karibu zaidi. Wanakijiji wanahamishwa, wengine wanapinga, nguvu inatumika. Hapo fasihi ilisema kile ambacho magazeti yetu ya wakati ule yalikisema kwa sauti ya pembeni. Ikumbukwe kwamba andiko la Ujamaa Vijijini la 1967 lilisisitiza watu washawishiwe, wasilazimishwe. Kufikia Novemba 1973 kuishi kijijini kulikuwa kumekuwa amri, yenye mwisho wa utekelezaji 1976. Miaka sita tu, kutoka ushawishi hadi amri. Kezilahabi alimaliza safari hiyo kwa kicheko katika Kaptula la Marx, tamthilia ya rais anayevaa kaptula ya mwanafalsafa isiyomtosha. Iliandikwa enzi za ujamaa, ila ilichapwa 1999, wakati kicheko chake hakikuwa tena na wa kumdhuru. Kitabu kusubiri miaka yote hiyo ni uhakiki tosha wa mazingira kilimoandikwa.

Sasa nije kwetu Ruvuma, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka.

Mwaka huohuo wa 1969 ambao Mabepari wa Venisi ilitoka, Kamati Kuu ya TANU ilikaa Septemba ikaivunja Ruvuma Development Association. Chama hiki kilianzia Litowa, wilaya ya Songea, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kikiongozwa na vijana kama Ntimbanjayo Millinga, na kilikua hadi vijiji 17. Walilima pamoja, walikuwa na mashine ya kupasua mbao, walikuwa na shule yao pale Litowa ambayo ilijaribu elimu ya kujitegemea kabla haijawa kauli ya taifa. Ralph Ibbott, Mwingereza aliyekaa nao kama mshauri, alikuja kuandika kitabu kizima kuhusu jambo hilo, kikatoka 2014. Mwalimu mwenyewe alikuwa amewasifu. Hawakuhamishwa na mtu, hawakupangiwa na mtu. Walijiunga wenyewe, na aliyechoka aliweza kuondoka.

Nani aliwaua? Siyo bepari wala mlanguzi kutoka Mtwara. Siyo bei ya dunia. Waliuawa kwa kikao. Mali zao zikachukuliwa, watu wakatawanyika. Kosa lao, ukilitafuta kwa makini, ni kwamba hawakuwa chini ya mtu. Waliuza mazao yao na kupanga mambo yao bila kusubiri mkoa.

Ndugu zangu wa mrengo wa kushoto, na ninao wengi kwa sababu tulisoma chuo kimoja, hupenda kuitaja Litowa kama ushahidi kwamba ujamaa wa kweli haukupewa nafasi. Nakubaliana nao kwa asilimia mia. Ila nawauliza: nafasi hiyo ilitolewa na nini, na ilinyimwa na nini? Litowa iliwezekana kwa sababu watu huru waliruhusiwa kukubaliana. Uhuru huo ndio unaoitwa soko, ukiondoa kelele. Soko halikukatazi kulima pamoja na jirani yako, kuchanga, kugawana sawa kwa sawa hadi punje ya mwisho. Dola ikishika kila kitu ndipo unapokatazwa, kwa sababu kila ushirika usio wa kwake unaonekana kama uasi.

Umatengo tulilijua hilo kabla ya chama chochote. Wazee wetu walikuwa na sengu: wanaume wa ukoo wanakula pamoja kwa babu, kila nyumba inaleta chakula chake, na hapo ndipo mashauri yanapoongelewa. Ndipo penye ujamaa kama unautafuta. Lakini angalia kilichoko chini ya sengu. Kila ukoo una ntambo yake, ule mgongo wa mlima uliopakana na vijito, na kila nyumba ina mashimo yake ya ngolo ilikolima mahindi na maharage bila kuachia mvua izoe udongo. Mtu alileta sahani sengu kwa sababu sahani ilikuwa yake ya kuleta. Walioandika kwamba ujamaa ni mila zetu waliona sahani zikiliwa pamoja, hawakuona zilikotoka.

Sasa kahawa. Ushirika wetu haukuanza jana. NGOMAT ilianza miaka ya 1930 kwa tumbaku ya Songea, na kahawa ya Umatengo ikaingia humo. Mei 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, mamlaka za mazao zikachukua nafasi yake. Sheria ya 1982 ikavirudisha vyama, lakini vilirudi kama mtoto wa kambo wa chama tawala. MBICU ya kwetu ilisambaratika miaka ya 1990 na madeni yake. Katikati ya miaka hiyo soko la kahawa likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia. Kisha msimu wa 2018/19 mlango ukafungwa tena: kahawa yote ipite AMCOS, mnunuzi binafsi asimfuate mkulima nyumbani. Mwaka huohuo, Novemba, serikali ikanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kupeleka jeshi kuzibeba. Ukichora historia hii ukutani utaona mlango mmoja unaofunguliwa na kufungwa, na kila mara anayebanwa kidole ni yuleyule.

Shuka na mimi hadi Mbamba Bay, uone kitu cha tofauti. Usipa hawana bodi. Usiku wa giza taa zinawaka ziwani kama mji, mbalamwezi ikitoka mitumbwi inalala. Alfajiri wanawake wako ufukweni na ndoo zao. Samaki wakiwa wengi bei inashuka, wenye majokofu na magari ya Songea wananunua kwa wingi. Wakiwa wachache bei inapanda na wengine wanarudi na ndoo tupu. Hakuna aliyeitisha mkutano. Mama wa Liuli ambaye hajawahi kusikia jina la Hayek anajua kwa kuangalia ndoo moja kile ambacho Hayek alikieleza kwa lugha ngumu miaka ya 1940: kwamba bei ni habari, na habari hiyo imetawanyika kwa watu wengi mno kiasi kwamba hakuna ofisi inayoweza kuikusanya yote. Na mama huyo analipwa palepale. Saa mbili asubuhi ana hela ya unga.

Najua jibu. Kahawa siyo usipa. Kahawa inakwenda nje, inahitaji madaraja ya ubora, mnada wa wazi unaweza kuleta bei nzuri kuliko mnunuzi mmoja anayekuja jioni na mzani wake wa mashaka. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba soko lilipofunguliwa, mikopo ya mbolea iliyopitia ushirika ilikufa, na bei ya dunia ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wa Mbinga waliumia sana. Nilikuwa mtoto, nakumbuka sukari ilivyopotea mezani. Na lami inayotoka Mbinga kushuka Mbamba Bay, ambayo sasa inamfikisha mwenye gari kwa mama wa usipa, haikujengwa na mchuuzi. Ilijengwa na serikali, na naishukuru.

Lakini wakati uleule mgumu vikundi vya wakulima wa Mbinga, pamoja na wenzao wa Kilimanjaro na Mbeya, viliungana katika KILICAFE, vikamenya kahawa kwenye mitambo yao na kuiuza moja kwa moja kwa wanunuzi wa nje waliotaka ubora. Ulikuwa ushirika. Ulikuwa pia soko huria. Kwa nini tunafundishwa kwamba lazima uchague kimoja?

Hapo narudi kwa Shakespeare, kwa sababu kitabu nilichokibeba kilikuwa na jibu ambalo jina lake lilinificha. Magoma ni mkataba wa ratili ya nyama. Mwenye shida anaweka rehani kitu ambacho hakipaswi kukatwa mwilini mwake. Sitaki kumpamba mnunuzi wa magoma. Mama mdogo alilipwa chini ya nusu ya kile ambacho kahawa ile ingemletea mnadani. Lakini ona nani anamwokoa Antonio. Siyo sheria ya kufuta biashara Venice. Antonio mwenyewe anakiri kwamba mkuu wa mji hawezi kuuvunja mkataba, maana wageni wote wanaofanya biashara pale wangepoteza imani. Anaokolewa na Portia, hakimu aliyesoma mkataba neno kwa neno: nyama umeandikiwa, damu hukuandikiwa. Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka kwa serikali. Isome mzani. Isome mkataba. Imshike anayeiba kilo, awe mchuuzi au karani. Ifungue njia ili wakopeshaji wawe kumi badala ya mmoja, kwa sababu magoma yanashamiri pale ambapo anayekupa hela mwezi wa pili ni mtu mmoja tu.

Halafu soma hadi mwisho wa hukumu, pale ambapo darasani huwa tunapita haraka. Mahakama iliyoanza kwa kumwokoa Antonio haikutosheka. Ikamnyang'anya Shylock mali yake, ikamlazimisha abadili dini. Hakimu akageuka mhusika. Ukumbi unashangilia, na msomaji anayesoma peke yake barazani anahisi baridi. Mahakama iliyokuwa na haki ya kusimamisha kisu ilijipa pia haki ya kumfanya mtu asiwe yeye. Kutoka ushawishi wa 1967 hadi amri ya 1973 ni safari hiyohiyo, na Mwalimu aliitafsiri kwa mkono wake mwenyewe kabla haijatokea. Laiti angekaa na tendo lile la nne kwa muda mrefu zaidi.

Wapo watakaosema namgeuza Kezilahabi kuwa mtetezi wa matajiri. Hapana. Alikuwa mtu wa kuhoji, na hakuacha upande wowote ukalala usingizi. Alifariki Januari 2020 akiwa hajamfurahisha mwanasiasa yeyote kikamilifu. Ninachosema ni kwamba alimpa mkulima kitu ambacho riwaya za ujumbe zilimnyima: haki ya kujua hali yake kuliko anayemhutubia. Na mhakiki anayetetea soko huria anatetea hicho tu. Wanaosema soko huria ni soko holela wasome tena Litowa. Vijiji vile vilikuwa na mpangilio. Uholela ulikuja na barua ya kuvivunja.

Jioni ile mama mdogo alimaliza kuchambua, akafunika kahawa kwa turubai maana ukungu wa Umatengo haungoji mtu. Nikamwambia nimepata jibu, bepari zamani alikuwa mfanyabiashara tu. Akafikiri kidogo.

"Basi hata mimi bepari. Kahawa si yangu, nami nataka kuiuza?"

Nikamwambia ndiyo, mama.

"Sasa mbona wananitangazia kwenye spika kama mwizi?"

Kitabu bado ninacho. Swali hilo nimeliandika ndani ya jalada, chini ya jina.